Mchezo wa posho: nimeuona kabla haujaiva

Mtoto wa Katuba (mwanzisha uzi)

Wengi mmenifuata pembeni kuuliza "ulikuwaje?" Kuliko kujibu mmoja mmoja, naandika mara moja hapa. Ni ndefu. Mwenye haraka aruke mpaka kwenye habari ya samaki.

Jumamosi jioni nilikaa zaidi ya saa mbili katika ukumbi wa parokia moja huku Katuba, mtaa wa Lubumbashi, nikitazama mchezo wa muziki ambao bado uko jikoni. Jina hauna. Karatasi iliyobandikwa mlangoni ilisema tu: mchezo wa nyimbo juu ya mgomo wa 1941, jaribio la pili, njooni na masikio na ulimi. Nusu ya waigizaji wameshika daftari. Karani wa kampuni amevaa suruali nzuri ya zamani na raba za mpira, kwa sababu viatu vyake havijapatikana. Kabla ya kuanza, kiongozi wa kundi alituonya kwamba nyimbo ziko 11, na 3 kati yake hazina mwisho. Zikifika ukingoni mwimbaji atanyamaza, nasi tusipige makofi ya huruma. Tulipiga.

Basi ninachoandika ni habari ya chungu kilicho motoni. Mkienda mwezi ujao mkakuta vingine, msinibane.

Kwa wageni wa uzi: Desemba 1941 ulikuwa wakati wa vita, shaba ya Katanga ilitakiwa sana, bei ya vitambaa na chakula ilikuwa imepanda na mishahara imelala palepale. Wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya kuchimba shaba hiyo, wakagoma. Tarehe 9 walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville, yaani Lubumbashi hii hii, na askari wakawapiga risasi. Mchezo unaanza wiki mbili kabla, katika kambi ya wafanyakazi, na unaishia uwanjani.

Sasa samaki. Wimbo wa tatu ni wa siku ya posho, siku kampuni inapogawa chakula kambini. Wamama sita wamejipanga mstari, kila mmoja na mfuko wa kitambaa na kikwembe kimefungwa kwa haraka, na mbele yao mgawaji ameshika meka, yaani kopo la kupimia. Mke wa mfanyakazi wa tanuru anaimba orodha: unga, maharage, mafuta, chumvi. Kila kitu kinapanda ngazi moja juu ya kile kilichotangulia. Anafika ngazi ya tano na hasemi neno. Gitaa linapiga pigo lake, yeye amefungua mdomo, mfuko uko wazi, hakuna sauti. Halafu anarudi chini: unga, maharage. Mara ya kwanza nilidhani amesahau maneno. Mara ya pili nikaelewa kwamba wiki ile samaki hawakuja. Mara ya tatu, pigo lilipofika, mzee mmoja nyuma yangu akasema "samaki" polepole, kama mtu anayejibu sala. Mara ya nne tulisema karibu wote. Hakuna aliyetuomba.

Nimeona teatre nyingi mjini humu. Sijaona ukumbi ukifanyiwa vile kwa pigo moja tupu.

Lakini muda wote huo wale wamama watano wengine wamesimama kama nguzo za umeme! Wanaangalia mbele, wanasubiri zamu ambayo haiji. Wimbo ni wa foleni, na foleni haimo ndani ya wimbo. Kwangu hilo ndilo kosa kubwa la mchezo mzima, na mengine yote yanatoka hapo. Kwa sababu baada ya wimbo huo mwandishi anaiacha foleni kabisa na kutupeleka kwa karani na binti wa jirani, ambao wanapendana chini ya mwezi kwa dakika zaidi ya 10. Nilihesabu. Mwezi uliimbwa mara 14.

Mengine kwa kifupi. Onyesho la askari ni zuri: hakuna bunduki hata moja, kuna vifuniko vya sufuria vinavyogongwa sakafuni nyuma ya pazia, na moyo unaruka. Kinanda cha umeme kitolewe. Mwisho, kundi zima linaimba idadi ya waliokufa kama kiitikio, na hapo sikujisikia vizuri, ingawa sijui kueleza kwa nini. Na lugha: sehemu ya kwanza mama anasema "minaenda" kama sisi wote, sehemu ya pili mama huyohuyo anasema "ninakwenda" kama msomaji wa habari. Alienda shule saa ngapi?

Mlioenda semeni.

Kiti cha Nyuma

Miye nilikuwaka palepale, kiti ya mwisho kabisa, pembeni ya jenereta. Nusu ya ile mambo ya mwezi sikusikia, na kumbe Mungu alinihurumia.

Ile ya vifuniko nakubali. Mtoto wa dada yangu alilia, ikabidi nimtoe inje nimununulie karanga. Niliporudi bantu walikuwa banaimba hesabu.

Juu ya luga, mutoto wa Katuba, hapo umesema kweli. Juu ya nini teatre ikitaka kulia inavaa koti? Kundi ya Mufwankolo ilichezaka miaka mingi mu Kiswahili yetu, mu radio na mu televisheni, na hakuna mutu alisemaka asema haiko teatre. Batu balicheka na balilia mu luga ileile. Sasa hawa bavijana banatuchekesha mu "minaenda" na kutulizia mu "ninakwenda". Maana yake machozi iko ya bantu ba Dar?

Sauti ya Pili

Habari zenu. Mimi ni mwanakwaya, miaka 20 na zaidi, sauti ya pili kama jina linavyosema. Nilikuwa safu ya tatu.

Kwanza niseme nilifurahi tu kuona vijana wanashika jambo hili kwa nyimbo. Mji huu una deni. Mwaka 1956 Union Minière ilipotimiza miaka 50, hapa Élisabethville palitengenezwa tamasha kubwa la ngoma na nyimbo, Changwe Yetu, na mwaka 1958 likapelekwa mpaka Brussels kwenye maonyesho ya dunia. Wazee wa kwaya walikuwa wakilisimulia na macho yanang'aa. Lilikuwa zuri, sibishi. Lakini ilikuwa sikukuu ya kampuni. Foleni ya posho haikupanda jukwaani siku ile.

Ila kuhusu huo wimbo, mudogo wangu, sikubaliani nawe. Unataka wote sita waimbe. Umewahi kusimama mbele ya wamama sita wasio na mafunzo ukawaambia waimbe "maharage" pamoja? Utasikia "maage". Mmoja anavuta, mmoja amemaliza, mmoja anarekebisha kikwembe. Yule mwimbaji mmoja, kila silabi ilifika mpaka kwangu safi kama sarafu kwenye sahani. Na ile kimya ya samaki inawezekana kwa sababu ni mmoja. Watu sita wakinyamaza pamoja, utadhani wamekosea wote.

Joseph Kiwele, aliyetunga Misa ya Katanga, angewaambia hivyohivyo: kabla ya kuongeza sauti, hakikisha ile moja imesikika.

Mtoto wa Katuba

Yaya, dada yangu mkubwa, shikamoo. Hoja ya kimya imenigusa, sikuifikiria. Lakini basi wale watano wapewe kazi. Hata kukohoa.

Mpiga Gitaa

Nilipewa kusikia jaribio la kwanza, la mwezi uliopita, kwa hiyo naweza kulinganisha. Wakati ule hakukuwa na kinanda, kulikuwa na gitaa kavu moja na chupa inayogongwa kwa msumari. Kinanda kimekuja kwa sababu mtu aliwaambia eti mchezo wa muziki lazima uwe na "okestra". Basi wamenunua okestra nzima ndani ya sanduku moja, na kila ukibonyeza vayolini inalia kama paka aliyefungiwa.

Sikilizeni gitaa kwenye wimbo wa posho peke yake. Kidole gumba kinatembea chini, cha shahada kinajibu juu, vidole viwili tu, na bado utaapa wapigaji ni wawili. Huo ni upigaji wa kwetu. Ndio Hugh Tracey, yule mzungu aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, aliukuta kwa kijana Jean-Bosco Mwenda kule Jadotville (Likasi ya leo) mwaka 1952 akamrekodi, na mpaka leo kuna watu Ulaya wanaohangaika kuuiga. Ukiwa na hiyo mkononi, vayolini za sanduku ni za nini?

Najua mwalimu mmoja humu atakuja kuniambia gitaa la 1952 halimo katika hadithi ya 1941. Njoo tu, mzee.

Sasa juu ya ugomvi wenu wa mmoja au sita. Kuna kisa kinachojulikana sana kwa watu wa kazi hii. Mwaka 1943 huko Marekani mchezo mmoja ulijaribiwa New Haven ukiitwa Away We Go! Ndani yake mlikuwa na wimbo uliopangwa kuimbwa na kijana mmoja, shujaa wa hadithi. Wakiwa bado katika majaribio wakaugeuza, ukawa wa kundi zima kwa sauti nyingi, na ukaubeba mchezo wote. Ulipofunguliwa New York tarehe 31 Machi mwaka huohuo, mchezo ulikuwa umechukua jina la wimbo ule: Oklahoma! Kwa hiyo msiogope kuhamisha wimbo kutoka mdomo huu kwenda mwingine. Majaribio ni kwa ajili hiyo. Na hawa wetu jina bado hawana, labda wanalo tayari na hawajaliona.

Kiti cha Nyuma

"Posho." Herufi tano. Hata rangi ya kuandikia tangazo haitaisha.

Mwalimu Mstaafu

Nimeitwa, nimekuja. Bosco mwaka 1941 alikuwa mtoto wa miaka 11, kwa hiyo ndiyo, gitaa lile si la siku ile. Lakini nalisamehe. Kinanda silisamehei.

Niende kwenye mambo mawili mazito zaidi.

La kwanza ni karani. Mtoto wa Katuba anataka kumfukuza jukwaani. Mwanangu, ukimfukuza umefukuza historia. Aliyesimama kuwasemea wafanyakazi wa Élisabethville alikuwa Léonard Mpoyi, mtu wa kalamu, aliyesoma, na aliuawa palepale uwanjani mbele ya gavana Maron. Watu waliofanya kazi kwenye tanuru walimsikiliza mtu wa ofisini. Hilo lenyewe ni ajabu ya kuandikiwa wimbo! Kwa nini wamwamini mtu anayeshinda ofisini kwa wakubwa? Alipoteza nini alipovuka upande? Mwandishi ana dhahabu mkononi na anaitumia kumpa binti maua. Mimi sioni ubaya wa mapenzi, nimeoa. Lakini karani huyu hata mara moja hashiki kalamu. Hata barua moja haandiki.

La pili ni ile hesabu ya mwisho, na hapa namweleza Mtoto wa Katuba kwa nini hakujisikia vizuri. Hesabu ya serikali ya kikoloni na hesabu ya watu wa kambini hazikuwahi kulingana. Mpaka leo ukiuliza familia tofauti utapewa idadi tofauti. Ukichagua moja ukaifanya kiitikio, umewazika upya wale ambao hawakuhesabiwa. Na kiitikio kinashika kuliko kitabu. Mtoto wa karanga wa Kiti cha Nyuma atakua akijua idadi ile kwa maisha yake yote.

Nyongeza kwa wasioelewa kwa nini foleni ni ya wanawake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliacha kutegemea vijana wa miezi michache waliokuja na kuondoka. Ikaanza kuwapa mikataba ya miaka 3 na kuwaruhusu kuleta wake na watoto kambini. Kazi ikawa ya mume, na chakula cha nyumba kikapitia mkononi mwa mke siku ya posho. Kwa hiyo yeye ndiye aliyejua kwanza kwamba mambo yamebadilika. Mume aliona karatasi ya mshahara, mke aliona kina cha mfuko. Mchezo unalijua hili kwa wimbo mmoja halafu unalisahau.

Mtoto wa Katuba

Mwalimu, nimekubali. Karani abaki. Aandike barua, mwezi uondoke.

Bint Makadara

Hamjambo wa Bara la mbali. Mimi niko Mombasa, nimefuata uzi huu tangu asubuhi, chai imepoa.

Swali la mjinga kwanza: posho hapo ni mgawo wa chakula, sivyo? Kwetu neno limebaki kwenye kinu cha posho, pale tunaposagiwa mahindi. Jirani wa Tanzania akisikia posho anafikiria pesa za kikao. Nasema hivi kwa sababu mnazungumzia jina. Mtanzania akiona tangazo limeandikwa "Posho" atadhani ni mchezo wa wabunge.

Pili, kuhusu lugha. Mimi Kiswahili chenu nakielewa robo tatu, na robo iliyobaki inanifanya nisogee karibu nisikilize. Msikisafishe kwa ajili yetu. Mtu hamfulii mgeni nguo za mwenyeji.

Tatu, huu ugomvi wa mmoja au sita, mbona kwetu hauko? Katika taarabu mwimbaji ana wake na waitikiaji wana wao. Yeye anatoa, wao wanapokea. Mwacheni yule dada aimbe orodha peke yake, isikike kila silabi kama anavyotaka huyu mwanakwaya. Foleni ipewe kipande kimoja tu cha kupokea, kifupi, hata neno moja. Halafu pigo la samaki likifika, yeye anyamaze NA wao wanyamaze. Kama wamekuwa wakipokea kila mara, kunyamaza kwao kutasikika. Hawezi mtu kunyamaza kama hakuwahi kusema.

Sauti ya Pili

Bint Makadara, umenishinda kwa upole. Nimejaribu hapa jikoni, mimi natoa, binti zangu wanapokea "tia". Unga, tia. Maharage, tia. Mafuta, tia. Chumvi, tia. Halafu kimya. Mdogo wa mwisho akaniuliza, mama, mbona umeacha? Nikatetemeka kidogo.

"Tia" inaimbika. Hata wamama sita hawawezi kuiharibu.

Wa Likasi

Naona mnajipigia makofi wenyewe. Mgomo wa 1941 haukuwa wa Lubumbashi peke yenu. Jadotville, yaani Likasi yetu, watu waligoma na damu ilimwagika siku hizohizo. Katika huo mchezo Likasi imetajwa mara ngapi? Mara moja, na ni mtu anayesema ana shangazi huko.

Halafu mgodi wa Shinkolobwe je? Madini ya bomu la Hiroshima yalitoka kwetu, miaka ileile ya vita. Hilo halistahili wimbo?

Mpiga Gitaa

Ndugu wa Likasi, shangazi aongezewe mistari, haki yako. Shinkolobwe hapana. Si kwamba haistahili, inastahili mchezo wake mzima. Ukiitia humu saa mbili zinakuwa nne na mgomo unakuwa kitangulizi. Nimeona kazi nyingi zikifa hivyo: kila mtazamaji wa majaribio anaacha mzigo wake mlangoni, kundi linabeba yote kwa adabu, na siku ya ufunguzi mchezo hautembei.

Wa Likasi

Basi walete onyesho Likasi tuwaambie wenyewe. Viti tunavyo.

Nyuma ya Pazia

Habari za jioni wapendwa. Mimi ni mmoja wa kundi, sitaji kazi yangu ili nisipigiwe simu. Tumesoma uzi wote, na jana kwenye mazoezi mmoja wetu aliusoma kwa sauti, pamoja na mwezi mara 14. Mwandishi alihesabu upya. Ni 16.

Nijibu yanayojibika.

Kinanda kimeazimwa. Mwenyewe alikuwa ukumbini. Tunatafuta njia ya kumrudishia bila kuvunja undugu. Na jenereta, Kiti cha Nyuma, tunaomba radhi, waya ulikuwa mfupi.

Lugha: haikuwa mpango. Sehemu ya kwanza ilizaliwa mazoezini. Waigizaji walipewa tukio tu wakasema wenyewe, mwandishi akaandika alichosikia. Ndivyo wazee wa Mufwankolo walivyofanya kazi, wakianza na methali au jambo moja na mchezo ukikua kwa kuchezwa. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwafuata hatua kwa hatua mwaka 1986 na akaandika kitabu juu yake. Sehemu ya pili mwandishi aliiandika nyumbani, usiku, peke yake, kwa sababu muda ulikuwa umebana. Mtu akiandika peke yake usiku anaandika kama alivyofundishwa shuleni. Ninyi mmesikia mpaka pale mshono ulipo. Tutaicheza upya bila karatasi.

Karani na barua: mwalimu, kuna mtu alipiga meza aliposikia hilo. Tayari ana barua. Hatujui bado anamwandikia nani.

Hesabu ya mwisho: hapa hatujakubaliana kati yetu. Wawili wanataka ibaki. Wanasema bila idadi watu watatoka wakidhani ni hadithi tu. Mmoja amependekeza kila mwimbaji aimbe idadi aliyoisikia kwao, zigongane, kila mmoja ashikilie yake mpaka taa zizime. Tumeijaribu mara moja na ilikuwa kelele tupu. Tutajaribu tena.

Na posho. Tulijaribu "tia" jana hiyohiyo. Ngoja niwaambie ilivyokuwa, maana si rahisi kama jikoni kwa yaya.

Mara ya kwanza wamama waliitikia vizuri mpaka pigo la samaki, halafu wawili wakasema "tia" kwa mazoea. Wote tukacheka, wimbo ukafa. Mara ya pili wakanyamaza wote, lakini walinyamaza kwa woga wa kukosea, na inaonekana usoni. Mara ya tatu yule mwimbaji wetu, ambaye tangu mwanzo hakupenda kugawana wimbo wake (nasema kweli, alikaa pembeni akinywa maji kwa muda mrefu), alipofika pigo lile aligeuka nyuma akawatazama wenzake. Basi. Hakuambiwa. Aligeuka kama mtu anayeuliza, na ninyi je, mnao? Na wale watano wakaangalia ndani ya mifuko yao.

Wimbo sasa una dakika 7 badala ya 3 na hatujui tutakata wapi kwingine. Mwezi unaelekea kujua.

Jambo moja ambalo hamkuliona kwa sababu mlikuwa mmeshaondoka. Baada ya onyesho mama mmoja mzee sana alikuja mbele, anashikiliwa mkono na mjukuu. Alikulia kambini, miaka ya baadaye kidogo. Hakusema wimbo ni mzuri wala mbaya. Alimwendea kijana anayecheza mgawaji, akamnyang'anya meka, akamwambia: "Wewe unapima kama muuzaji wa soko. Unaweka kilima juu. Kule hakukuwa na kilima." Akachukua daftari la mtu, akalipitisha juu ya meka, fyaa, unga wa mchezo ukamwagika mpaka juu ya viatu vyake. "Walikata hivi. Na kile kilichoanguka hatukuruhusiwa kuokota mpaka aondoke." Halafu akatoka.

Kijana yule tangu siku hiyo anapima hivyo. Tunataka sauti ya kijiti kikipita juu ya bati iingie kabla ya kila "tia", na mpiga gitaa wetu ameacha nafasi yake.

Tatizo ni kwamba meka tuliyo nayo ni ya plastiki, haitoi sauti. Tunatafuta ya bati, ya zamani, yenye ukingo ulionyooka. Aliye nayo aniandikie pembeni. Tutaitunza.

Kiti cha Nyuma

Mama yangu iko nayo. Ya bati kabisa, ya zamani. Lakini anapimia chakula ya kuku.

Nyuma ya Pazia

Papa, tunaihitaji saa za jioni tu.

Kiti cha Nyuma

Nimemuuliza. Anasema kuku banakula jioni. Mazoezi iwe asubuhi, ama na yeye aje nayo mwenyewe akae mbele.

Nyuma ya Pazia

Aje. Kiti cha mbele ni chake, mbali na jenereta.